Kifurushi cha Sifuna

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nakhumicha alikuwa na kazi tatu. Aliteka maji, alifagia ua, na alisikiliza ugomvi. Maji na ufagio vilimchosha, lakini ugomvi alikwisha kuuzoea.

Familia yake ilipanga vyumba viwili karibu na Dagoretti Corner, nyuma ya maduka. Mwaka ulikuwa 1952. Baba yake, Mzee Zedekiah, alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja huko Kileleshwa. Alilala kazini na kurudi nyumbani Jumapili tu, na alipofika alitaka usingizi, si kesi. Kwa hiyo jiko liliachwa mikononi mwa wanawake wawili ambao hawakupendana hata chembe. Mmoja alikuwa Milcah, mama yake Nakhumicha. Wa pili alikuwa Lornah, mke wa kaka yake Nakhumicha aitwaye Sifuna.

"Huu ni uji au maji ya kuoshea sufuria?" Milcah aliuliza asubuhi hiyo, akiinua kikombe ili majirani pia waone.

"Unga umefichwa chini ya kitanda chako, Mama," Lornah alijibu bila kugeuka. "Mimi nimepika nilichokiona."

Basi ikawa hivyo mpaka kengele ya shule ilipolia kwa mbali.

Sifuna mwenyewe, ambaye angeweza kuwatuliza, hakuwapo. Alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na tangu mwanzo wa mwaka kikosi chake kilikuwa Asia, katika misitu ya nchi ambayo siku hizi huitwa Malesia. Alipoondoka alimwachia mama yake mke, kama mtu anayefunga majogoo wawili kwenye kigingi kimoja kisha anakwenda safari. Sijui alitarajia nini.

Milcah na Lornah hawakujua kusoma. Mzee Zedekiah naye aliweza kuandika jina lake tu, tena polepole. Majirani wa kusoma walikuwepo, lakini Milcah alikataa katakata mambo ya nyumba yake yapite kwenye midomo ya watu. Hivyo barua za Sifuna, ambazo zilipitia sanduku la posta la shule, zilisomwa na Nakhumicha. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, yuko darasa la nne. Mama yake alifungua bahasha kwa ncha ya kisu, akampa, na wote wakanyamaza. Hapo ndipo hata ugomvi ulipopumzika. Nakhumicha alikipenda sana kimya hicho. Alikohoa kidogo kama mwalimu mkuu, akavuta kigoda, ndipo akaanza.

Barua ya mwezi wa Mei ilimkuta ana hasira. Siku moja kabla, Jumapili, Lornah alimshtaki kwa baba. Nakhumicha alikuwa amechoka kupanga foleni bombani, akajaza ndoo kwenye mtaro uliokuwa karibu, akaileta nyumbani kama maji safi. Lornah alimwona. Mzee Zedekiah alimchapa fimbo tatu, akarudi kulala. Kwa haki, alistahili hata nne, maana maji ya mtaro yangeweza kuwalaza wote hospitalini. Lakini Nakhumicha hakufikiria hospitali. Alifikiria fimbo, na uso wa Lornah alipokuwa akimshtaki.

Sasa alishika barua, na macho yake yakatangulia mdomo. Sifuna alikuwa ameandika hivi:

"Mama mpendwa, na mke wangu Lornah, na mdogo wangu Nakhumicha. Mimi ni mzima isipokuwa miguu. Hapa mvua haipumziki. Tunatembea majini tangu asubuhi hadi jioni na kulala na viatu vilivyolowa. Ngozi ya nyayo inabanduka vipande vipande. Daktari amesema nikikosa soksi kavu za kubadilisha, vidonda vitaingia ndani. Lornah, nifumie soksi za sufu, jozi nne au zaidi. Nitumieni pia poda ya miguu. Mama, nakuomba usitume chakula tena. Ile nyama ya mara ya kwanza ilifika imeota ukungu, nikaitupa, na iliniuma kuitupa. Chakula tunapewa cha kutosha."

"Soma basi!" Lornah alisema. "Au umesahau herufi?"

Nakhumicha alimtazama. Kisha akasoma, kwa sauti yake ileile ya siku zote:

"Mama mpendwa, mimi ni mzima. Ile nyama uliyotuma ilifika vizuri, na wenzangu waliifurahia sana. Nitumie tena nyama, na njugu, na simsim. Soksi ninazo nyingi, msijisumbue kufuma. Wasalimie wote."

"Umesikia?" Milcah aliruka kutoka kwenye mkeka. "Umesikia, binti wa watu? Mtoto wangu anataka chakula cha mama yake! Soksi zako funika nazo birika!"

"Hakunitaja?" Lornah aliuliza taratibu.

"Amesema wasalimie wote," Nakhumicha alijibu, akaikunja barua.

Lornah akatoka nje. Nakhumicha aliona amelipa fimbo zake tatu, tena kwa faida. Usiku ule alilala vizuri kabisa, na hilo nalisema kwa aibu kwa niaba yake.

Kazi ya kifurushi ilianza kesho yake, na nyumba ikawa vita. Milcah alikausha nyama juu ya moshi siku nne. Alikaanga njugu, akasaga simsim pamoja na chumvi na kuishindilia katika kopo la majani ya chai. Lornah hakupika kitu. Alifumua sweta lake la sufu, lile alilopewa siku ya harusi, akakaa mlangoni kila alasiri akifuma soksi.

"Hana haja nazo. Amesema mwenyewe," Milcah alimwambia.

"Miguu ni ya mume wangu, na sufu ni yangu," Lornah alijibu. "Mama, wewe kausha ng'ombe wako."

Lornah alipotumwa dukani kununua chumvi alirudi na kopo la poda, akisema kila askari huumwa miguu, na Milcah alicheka mpaka akajishika mbavu. "Askari apake poda kama bibi arusi! Wenzake watamcheka hadi arudi mbio!" Akalitupa kopo uani. Lornah alilipa kwa kulimwagia maji jiko la mkaa likiwa linawaka. Siku hiyo walilala bila chakula wote watatu, na Nakhumicha alikwisha kuona kwamba mchezo wake haumchekeshi tena.

Ijumaa iliyofuata shuleni kulikuwa na somo la afya. Mwalimu Odero aliwahi kuwa askari. Alipigana Bama, huko Asia, wakati wa vita vikubwa, na alitembea akichechemea. Watoto wote walidhani alipigwa risasi. Walimwogopa na kumheshimu kwa ajili ya risasi hiyo, ambayo hawakuwahi kuiuliza. Siku hiyo alifundisha usafi wa miguu, na Nakhumicha akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mtu akivaa soksi mbichi siku nyingi, anaumwa sana?"

Mwalimu Odero alivuta kiti. Kisha akaketi, akafungua kamba za kiatu cha kushoto, akavua soksi. Vidole viwili havikuwapo.

"Hakuna risasi iliyonigusa," alisema. "Bama kulikuwa na mvua kama huko anakopigana kaka yako. Nilikosa soksi kavu majuma matatu. Kidonda kilianza kidogo tu, hapa. Nilipofikishwa hospitalini, daktari hakuniuliza kama nakubali. Alikata." Akavaa kiatu chake. "Wenzangu wengi walirudishwa nyumbani kwa ajili ya miguu, wala hawakumwona adui hata siku moja. Kaka yako anazo soksi?"

"Anazo, Mwalimu," Nakhumicha alisema, na akahisi uso wake unawaka. Huo ulikuwa uongo wa pili, na haukuwa na raha hata kidogo.

Alirudi nyumbani akiwa amekusudia kusema. Lakini alimkuta Milcah amekwisha kushona kifurushi ndani ya kitambaa cha amerikani. Soksi za Lornah zilikuwa zimeingizwa juu kabisa, baada ya makelele ambayo mtaa mzima uliyasikia. Nakhumicha akajiambia kwamba basi, soksi zinakwenda, hakuna haja ya kusema. Akaandika anwani kwa wino, herufi kubwa nzuri. Mtu akitafuta kisingizio hakikosi.

Jumamosi walipanda basi wote watatu kwenda posta kubwa ya mjini. Njia nzima Milcah alikaa mbele na Lornah nyuma, kila mmoja akitazama dirisha lake. Foleni ilikuwa ndefu. Walipofika dirishani, karani mmoja kijana mwenye tai, aliyeitwa Wainaina na wenzake, alikiweka kifurushi kwenye mizani.

"Ratili kumi na tatu," alisema. "Mwisho ni kumi na moja. Toeni ratili mbili, au mrudi nacho."

Milcah hakungoja. Alikata nyuzi kwa meno, akaingiza mkono, akazitoa soksi, jozi nne za rangi ya kahawia, akazitupa sakafuni.

"Hizo hapo! Endelea kupima!"

Lornah aliinama akaziokota, akazirudisha ndani kwa nguvu na kuivuta nyama. Milcah akaishika nyama upande wa pili. Wakavutana mbele ya watu. Nyuma yao mtu mmoja akaanza kucheka, mwingine akasema kwa sauti kwamba wake wenza wakapiganie nyumbani.

"Akina mama," karani alisema kwa ukali, "amueni sasa hivi. Saa sita tunafunga. Askari huyu anataka nini hasa?"

"Anataka chakula!" Milcah alipaza sauti. "Amesema mwenyewe kwenye barua! Soksi anazo. Mtoto wangu huyu amesoma, muulizeni! Nakhumicha, waambie!"

Foleni nzima ikamgeukia Nakhumicha. Karani naye akamtazama. Lornah alikuwa ameziachia soksi nusu ndani na nusu nje, macho yamejaa machozi ya hasira. Nakhumicha aliona kidole cha soksi moja kikining'inia, akakumbuka mguu wa Mwalimu Odero. Alimwogopa mama yake. Alimwogopa Lornah, na baba, na fimbo. Lakini kilichomtisha zaidi ni kwamba kifurushi hicho kingefika baada ya miezi miwili, na kama soksi zingebaki Nairobi, hakuna mbio zozote ambazo zingeweza kuzifikisha kwa Sifuna upesi.

"Hakusema hivyo," alisema.

"Nini?"

"Sifuna hakusema hivyo, Mama. Nilidanganya. Alitaka soksi. Alimwomba wifi Lornah amfumie. Akataka na poda. Akasema tusitume chakula, nyama ya kwanza iliota ukungu akaitupa. Miguu yake inaoza."

Kicheko kilikatika. Milcah alisimama na nyama mkononi.

"Umeileta barua?" Lornah aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Nakhumicha alikuwa nayo, kwa ajili ya anwani. Lornah hakumpa nafasi ya kuisoma. Aliichukua na kuipitisha dirishani.

"Ndugu karani, tusomee wewe. Yote, kama ilivyo."

Wainaina alisita, akaitazama saa ya ukutani, kisha akasoma. Alisoma kwa sauti ya kazini, isiyopanda wala kushuka, na hakuruka neno. Alipofika mahali pa nyama na ukungu, Milcah alifumba macho. Alipofika kwa Lornah na soksi, Lornah aligeukia ukuta.

Karani alipomaliza, Milcah aliitoa nyama yote, akatoa njugu, akatoa na kopo la simsim. Hakumpiga Nakhumicha wala hakumtukana. Aliichukua barua, akaikunja, akaitia kifuani mwake.

"Lete," alimwambia Lornah, na Lornah akampa soksi. Milcah mwenyewe akazipanga ndani, jozi kwa jozi, akizibana pembeni zisilegee. Kisha akafungua fundo la leso yake na kumpa Lornah shilingi. "Kimbia ukanunue poda. Makopo mawili. Na sindano na uzi wa kushonea, nyuzi hizi nimezila."

Lornah alikimbia. Karani aliwapisha wengine, akawangoja mpaka dakika za mwisho. Kifurushi kilipimwa tena, kikawa ratili mbili, na kikaenda.

Usiniulize kama wanawake hao wawili walikumbatiana. Hawakukumbatiana. Walirudi kwa basi, mmoja mbele na mwingine nyuma, na nyama ikaliwa jioni ile. Hakuna chakula kibaya alichopata kula Nakhumicha kushinda nyama ile nzuri.

Baada ya kula, Lornah aliweka karatasi na kalamu mbele yake.

"Mwandikie kaka yako ulichofanya," alisema. "Mwandikie vidonda vyake ulivigeuza nini. Kesho kutwa Mwalimu Odero atatusomea kabla haijatumwa, kwa hiyo usipoteze karatasi."

Nakhumicha aliangalia upande wa mama yake akitafuta huruma. Milcah alikuwa akisugua sufuria.

"Andika," alisema Milcah.

Aliandika akilia, na Mwalimu Odero aliisoma bila kutoa maoni, jambo lililomwumiza Nakhumicha zaidi. Tangu siku hiyo hakupewa barua yoyote. Ilipokuja karatasi ya kanisa, ilisomwa na mtu mwingine. Ilipokuja risiti ya kodi ya nyumba, Lornah aliipeleka kwa Wangeci, binti wa mwenye nyumba, ambaye alikuwa darasa la tatu na alisoma kwa kukwama. Nakhumicha alikaa pembeni akisikia Wangeci akigongana na maneno, na hakuthubutu kumsaidia.

Mwezi wa Agosti, jioni moja, Milcah aliingia na bahasha. Ilikuwa imekwisha kufunguliwa kwa kisu, kama kawaida yake. Alimpa Nakhumicha.

"Leo soma wewe."

Nakhumicha alipokea kwa mikono miwili. Lornah aliacha kuchambua mboga. Kikawa kimya kile cha zamani, lakini safari hii hakikuwa kitamu.

"Mama, Lornah na Nakhumicha," alisoma. "Soksi zimefika zikiwa kavu. Nabadilisha kila jioni na kupaka poda. Vidonda vinafunga, na daktari amesema miguu imeepuka hatari. Lornah, nimeijua sufu hii. Ni sweta lako. Mama, najua kuitoa nyama kwenye kifurushi kulikuuma. Nakushukuru."

Hapo macho yake yalitangulia mdomo, kama siku ile ya Mei. Aliyaona maneno yaliyofuata. Yalikuwa mistari minne tu. Angeweza kukunja karatasi, akasema wasalimie wote, na barua ingekuwa nzuri kabisa. Lornah alimtazama, Milcah alitazama sakafu.

Akaendelea:

"Nakhumicha, nimesoma ulichoandika. Hapa kambini wengi barua zao husomwa huko kwao na watu baki. Mimi nilikuwa najisifu kwamba kwetu anasoma dada yangu mwenyewe. Sasa sijisifu. Najiuliza barua zangu za nyuma ulizisoma vipi, na sina wa kumwuliza. Usiniandikie pole. Soma vizuri, basi. Ni mimi, Sifuna."

Alimaliza machozi yakidondoka kwenye karatasi, lakini hakuacha neno hata moja.

"Ndivyo," alisema Milcah. Akainua kichwa. "Barua hii nilipewa na Mwalimu Odero jana. Alitusomea mimi na Lornah mara mbili. Tulitaka kujua utaishia wapi."

Nakhumicha alimgeukia Lornah, na Lornah akakubali kwa kichwa.

"Sikiliza, mwanangu," Milcah alisema, na sauti yake haikuwa laini. "Mimi na Lornah tunagombana, na mtaa mzima unajua. Akiniudhi namwambia, nikimuudhi ananiambia. Wewe ulikuwa na hasira kama sisi, lakini hukusema. Uliificha ndani ya maneno ya mtu mwingine, na mtu huyo nusura alipe kwa miguu yake. Mtu asiyejua kusoma anapokupa barua yake, amekupa macho yake. Hawezi kukukagua. Ndiyo maana kwake lazima uwe mkweli kuliko kwa mtu mwingine yeyote, hata kama unamchukia, na hata kama maneno yanakuchoma wewe mwenyewe, kama leo."

"Nisamehe, Mama. Nisamehe, wifi."

"Tutaona," alisema Lornah. "Vuta kigoda. Tumjibu."

Nakhumicha alivuta kigoda na kushika kalamu.

"Mwandikie kwamba jozi nyingine mbili ziko njiani," Lornah alianza.

"Na umwandikie kwamba kisigino cha ile ya kushoto kimefumwa kombo, nimekiona kwa macho yangu," Milcah akadakia.

"Kombo wapi? Mama, wewe hata sindano ya kufuma huijui!"

"Nimezaa miguu hiyo, nitakosa kujua kisigino chake?"

Nakhumicha aliandika la Lornah, akaandika la Milcah, akaandika na ugomvi wenyewe ulivyokuwa. Kisha akaomba wanyamaze, akawasomea polepole tangu mwanzo hadi mwisho. Wote wawili, kwa sauti moja, wakasema kwamba hivyo hasa ndivyo walivyosema.